Fundi Jiwe, Aliyeliweka Jiwe Mezani

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake, nanyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza, yafuatayo ni maisha ya mzee wetu, na aliyepewa karatasi hii aisome ni binti yake wa pili, ambaye mtamsikia akitajwa humu kama mtu mwingine kabisa, kwa sababu mzee mwenyewe aliagiza kwamba historia yake isomwe bila mtu kujisifu wala kujililia.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mkulima wa pamba na mkewe msusi wa mikeka. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1963 alipomaliza darasa la saba, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, na hilo la pili hakulirekebisha mpaka tunamzika leo.

Mwaka 1964 alikwenda kujifunza useremala kwa mjomba wake, ambaye mbali na mbao alikuwa mganga wa walioumwa na nyoka, kwa kuchanja jeraha na kulibandika jiwe jeusi lililosemekana kuvuta sumu. Mjomba alipofariki tarehe 2 Septemba 1971, marehemu alirithi randa mbili, misumeno mitatu na lile jiwe, na kuanzia hapo akaitwa Fundi Jiwe, watu wakimfuata kutoka vijiji saba, naye hakumnyima mtu msaada, kwani aliamini kwa moyo wake wote kwamba anaokoa.

Jumamosi, tarehe 21 Juni 1975, alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Mama alikuwa akimtania kwamba ameolewa na mwanamume mwenye wateja wa aina mbili, wanaotaka kukalia viti na wasioweza kukaa kwa maumivu.

Sasa tufike kwenye siku ambayo mzee alituambia tusiiruke. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 1991, saa tisa alasiri, binti yake wa pili, akiwa na miaka kumi na miwili, alitumwa na baba yake kuchukua kipande cha mbao kwenye lundo la mabaki nyuma ya karakana, lundo lililokuwa limeota nyasi na kujaa panya, na humo nyoka aina ya kifutu akamuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu. Baba alifanya yote aliyofundishwa, akaukaza mguu kwa mpira wa baiskeli, akachanja, akabandika jiwe, na jiwe lilipodondoka akasema, "Limevuta, atapona." Asubuhi ya pili mguu ulikuwa umevimba hadi pajani na fizi za mtoto zinatoka damu, na mama, mwanamke ambaye tulikuwa hatujawahi kumsikia akipaza sauti, alisimama mlangoni akasema, "Baba watoto, mwanangu anakufa na wewe unangoja jiwe?" Hakungoja jibu, alikwenda mwenyewe kumsimamisha dereva wa lori la mbao, wakasafiri kilomita sitini na moja hadi hospitali.

Muuguzi aliyewapokea aliuona ule mpira, akauliza, "Nani amefunga hivi?" Marehemu alijibu, "Mimi," na alikuwa akisema kwamba hilo ndilo neno zito kuliko yote aliyowahi kutamka. Dawa ya sumu ya nyoka ilimrudisha binti kwenye uhai, lakini mguu, uliokosa damu kwa saa nyingi, ulikatwa chini ya goti tarehe 20 Novemba. Siku ile marehemu alimuuliza daktari, kwa unyonge, mbona wengine walipona kwa jiwe lake, na daktari akamwambia, "Fundi, si kila nyoka ana sumu, na mwenye sumu si kila akiuma anaimwaga, hao wangepona hata ungewabandika kiazi."

Wengi wangerudi nyumbani wakanyamaza, maana maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye aliketi kwenye benchi la hospitali akaandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya kabati majina ya waliofia mikononi mwake, wakawa kumi na mmoja, na mwezi Januari 1992 akaanza kuzipitia nyumba zao moja moja kwa miguu kuomba radhi. Nyumba mbili zilimfungia mlango, moja ilimwachia mbwa, na mjane mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Nimekusikia. Sasa nenda ukawaambie walio hai."

Tarehe 7 Machi 1992, kwenye mkutano wa kijiji, aliliweka jiwe juu ya meza ya mwenyekiti mbele ya watu wote akasema, "Hili halivuti kitu, lilinidanganya na mimi nikawadanganya ninyi, akiumwa mtu mpelekeni hospitali." Wapo waliomzomea, na ndugu za mjomba walikaa miaka sita bila kumsalimu wakidai amewavua nguo wazee wao, naye akasema heri kuvuliwa nguo kuliko kuvishwa sanda.

Tangu hapo, kwa miaka thelathini na miwili, alifundisha shuleni, visimani, magulioni, hata kwenye foleni ya kusaga unga, na somo lake mnalijua wote: usikate, usinyonye, usikaze kamba, usimfukuze nyoka ili umuue, mtulize aliyeumwa, mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba, ufunge mguu au mkono kwenye ubao usichezecheze, mbebe asitembee, na safari ya hospitali ianze sasa hivi, na aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi safi kisha naye apelekwe. Alihimiza gambuti shambani, tochi na fimbo njiani, chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na kufyeka nyasi karibu na nyumba, na lundo lake mwenyewe ndilo lililokuwa la kwanza kuondolewa. Kutokana na mabaki ya mbao alichonga vibao vya kufungia viungo, akatundika kimoja katika kila nyumba iliyokubali, na alipoanza kusisitiza kwamba watoto wasilale sakafuni, watani wakasema nyoka wamemwajiri awauzie watu vitanda, naye akajibu, "Basi wamechelewa kunilipa mshahara."

Mguu wa kwanza wa binti yake aliuchonga yeye mwenyewe kwa mti mgumu, akaurekebisha kila alipokua, na binti huyo akatembea nao hadi chuo cha ualimu, na leo ni mwalimu mkuu.

Alikuwa akisema kumfundisha mtu kukimbilia hospitali isiyo na dawa ni kumwonyesha mwenye kiu kisima kikavu, kwa hiyo kati ya mwaka 2003 na 2009 aliandika barua kumi na nne kwa wakubwa, akiambatanisha orodha ya walioumwa, siku, saa na umbali waliobebwa, hadi tarehe 18 Mei 2009 dawa ya sumu ya nyoka ilipowekwa kwa mara ya kwanza kwenye jokofu la kituo chetu cha afya, kilomita nne tu kutoka hapa. Kuanzia siku hiyo hadi mwezi uliopita walipokelewa pale watu mia moja arobaini na watatu, wakafariki wanne, na hao wanne aliwajua kwa majina, akawazika wote.

Mwezi Februari 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, na hapo ndipo tulipojua kwamba mzee aliyewapeleka mamia kudungwa alikuwa akiogopa sindano, maana mkwewe muuguzi alilazimika kumshika mkono huku yeye amefumba macho. Hakuwa mgonjwa mwepesi, alikuwa mbishi, na chumvi aliiacha kwa kugombezwa. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa tatu asubuhi, mama akiwa ubavuni pake, akiacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wanne.

Wiki mbili kabla hajafariki, mkulima mmoja wa kijiji cha tatu kutoka hapa aliumwa akipalilia, na waliokuwa naye, watu ambao hawakuwahi kumwona mzee wetu, walimlaza, wakamfunga mguu kwenye ubao, wakamfikisha kituoni kwa dakika arobaini. Alipoulizwa nani aliwafundisha, mmoja wao alishangaa akasema, "Kufundishwa? Si kila mtu anajua hivyo?" Mzee alisimuliwa maneno hayo kitandani, akacheka hadi akakohoa, akaomba asimuliwe tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, waendesha pikipiki ambao hawakumwacha mgonjwa barabarani, mafundi wenzake walioliranda sanduku hili bila kuombwa, walimu, na majirani waliokaa nasi tangu Jumanne, na kwa namna ya pekee zile nyumba kumi na moja, ambazo leo zote zimeleta mtu hapa.

Baba, umekosea mbele za watu na umetengeneza mbele za watu, nasi tunatembea vifua mbele kuitwa wanao. Pumzika kwa amani.