Mama Paskazia Masolwa, Mfungaji Aliyehitaji Kelele

Marehemu Mama Paskazia Masolwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 katika kijiji cha Choma, Igunga, mtoto wa tatu wa Mzee Masolwa na Mama Apolinaria, wakulima na wafugaji. Alisoma shule ya msingi hapohapo Choma, kisha sekondari mjini Tabora. Huko alianza mpira wa pete kwa sababu alikuwa mrefu na mwalimu hakumuuliza kama anataka.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa muuguzi, akaishi Gongoni, mjini Tabora, na kuichezea timu ya wafanyakazi wa mkoa. Jina lake lilianza kuvuma katika fainali ya mwaka 1981 mjini Morogoro. Mabao yalikuwa sawa, muda unakwisha, naye akapewa mpira wa adhabu aufunge. Waluguru, watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya wapagazi, walikuwa wamejaa pembeni ya uwanja. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mnyamwezi, tua mzigo, utavunjika shingo!"

"Ngoja niutue, mtani, kisha nikubebe wewe!" akajibu, akafunga.

Kijana huyo aliitwa Ezekia Mkude. Walifunga ndoa tarehe 7 Mei 1983, na hadi leo Mzee Ezekia anadai kwamba hajabebwa.

Watu wakasema Paskazia hucheza vizuri zaidi mambo yanapokuwa magumu. Yeye hakukubali. Mwaka 1985, katika fainali ya Dodoma, alipata mpira wa adhabu kama ule. Safari hii wenyeji walikwishasikia sifa zake, na uwanja mzima ukanyamaza kwa heshima. Akakosa. Kombe likaenda kwingine.

Mwaka 2009 alikuwa kocha wa timu ya mkoa, na binti yake Suzana ndiye mfungaji. Suzana alikosa bao la wazi katika nusu fainali, ingawa timu ilipita. Jioni ile kamati ikataka aachwe.

"Mama Suzana," alisema mwenyekiti, Mzee Majidi, "binti hana moyo wa fainali kama wako."

"Mzee wangu, hata mimi sikuwa nao. Morogoro nilitaniwa, nikacheka, mkono ukalegea. Dodoma mlininyamazia, nikabaki naisikia pumzi yangu mwenyewe. Mkimwacha huyu, tafuteni na kocha."

Hawakumwacha. Kesho yake, katika fainali, kila Suzana aliposhika mpira, wenzake walimpigia kelele kwa amri ya kocha: "Mluguru wewe, baba yako amemaliza mahari?" Alikosa mara moja, akafunga yaliyobaki. Tabora ilishika nafasi ya pili, na Suzana akaichezea hadi mwaka 2016.

Mama Paskazia alistaafu uuguzi mwaka 2017. Alianza kuugua figo mwaka 2022. Wodini, wageni waliponong'ona, aliwauliza, "Nani kawaambia nimelala?" Alifariki dunia nyumbani kwake Chemchem tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumba ikiwa imejaa watu na maongezi.

Ameacha mume, Mzee Ezekia. Watoto watatu, Suzana, Samweli na Consolatha. Na wajukuu saba. Suzana sasa ndiye kocha wa timu ya mkoa.

Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu, naye apumzike kwa amani.