Chuma cha Juu ya Kashata

Kijiwe chetu kipo Bunju, kwenye barabara ya vumbi inayoshukia lami ya Bagamoyo, mkabala na kwa Brightson muosha magari. Kuna mabenchi mawili, birika langu la kahawa, na sinia la kashata lililofunikwa nailoni. Juu ya nailoni naweka kachuma ka duara kenye springi, maana upepo wa huku hauna adabu. Mie naitwa Mwishehe, ndo mwenye birika, na kila asubuhi nakaa na watu watatu wanaonipasua kichwa. Wa kwanza Edgar, muuza vigae, tunamwita Injinia kwa sababu tangu nimjue hajawahi kusema "hilo silijui". Wa pili Mzee Gozbert, alikuwaga mwalimu wa jiografia, tunamwita Mwalimu. Wa tatu Twalib, mwenye Corolla nyeupe anayoipenda kuliko haja. Jumatano moja huyu Twalib alikuja kanuna.

TWALIB: Shikamoo Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Nani kafa?

TWALIB: Bado. Jumamosi anakuja mtu wa Mbezi Beach kuiangalia gari. Mke wangu kachoka nayo. Inakunywa mafuta, mlima wa kwetu inapanda kwa dua. Kanipa laki nne, kasema chagua kitu kimoja cha kuiongezea nguvu. Ikigoma, inauzwa.

INJINIA: Si uuze tu, braza.

TWALIB: Siwezi, Edgar. Unajua siwezi.

Na kweli tunajua, sote. Mwaka juzi mkewe Tunu alishikwa na uchungu saa nne asubuhi, foleni imefika Tegeta, bodaboda hazifai kwa hali ile. Corolla ilipita kwenye vichochoro ambavyo hata mbuzi wanavikwepa, ikamfikisha hospitali. Dakika kumi baadaye wakazaliwa Nusaiba na Bakari, mapacha, wazima. Toka siku hiyo Twalib akiizima gari huipigapiga boneti na kuiambia ahsante. Watu wanamcheka. Mie sijawahi kumcheka.

INJINIA: Haya, sikiliza. Ishu yako ni ekzosti. Weka bomba kubwa, nene hivi. Injini ikipumua vizuri, inakimbia.

MIE: Ya shemeji yako uliyomwekea si inasikika mpaka Boko?

INJINIA: Inasikika, ndiyo.

MIE: Inakimbia?

INJINIA: Inasikika, Mwishehe. Tuanzie hapo.

MWALIMU: Bomba ni kelele tu. Tatizo ni uzito. Toa siti za nyuma, toa tairi ya akiba, toa na jeki.

TWALIB: Mapacha watakaa wapi, Mwalimu?

MWALIMU: Watoto wadogo wale, hawana uzito.

INJINIA: Basi weka turbo. Turbo ya mtumba ipo Ilala, laki tatu na nusu, na elfu hamsini ya fundi. Utaenda Bagamoyo na kurudi kabla chai haijapoa.

MIE: Na injini yenyewe itakubali kufungwa dude hilo?

INJINIA: Injini haiulizwi.

MWALIMU: Mie nimefikiria zaidi. Hewa ya huku ina chumvi ya bahari. Injini za magari hazijaizoea, za boti zimeizoea. Tafuta injini ya boti.

TWALIB: Niifunge kwenye Corolla?

MWALIMU: Nyie vijana mnaogopa kujaribu.

Twalib alikuwa ameshika zile hela mkononi, anazikunja na kuzikunjua. Niliona kabisa anaelekea kukubali turbo. Mtu akitaka kukiokoa kitu anachokipenda, atakubali lolote litakalosemwa kwa sauti kubwa. Nikamhurumia, nikamjazia kikombe.

Hapo akavuka dada mmoja kutoka kwa Brightson, gari lake likiwa na mapovu bado.

DADA: Shikamooni. Naitwa Eliaichi, nimehamia nyuma ya kanisa. Naomba kahawa, na kashata mbili.

MIE: Karibu sana, dada. Jichukulie hapo.

Akanyanyua kile chuma ili afunue nailoni. Akakigeuza.

ELIAICHI: Hiki nacho ni nini?

INJINIA: Themostati, ya gari la huyu. Mwaka juzi, mapacha wana wiki tatu, gari ilichemsha njiani. Kumbe mpira wa rejeta umepasuka. Fundi akabadilisha mpira hapa hapa kijiweni, na hii tukamwambia aitoe kabisa. Kazi yake kuzuia maji mpaka injini ipate moto. Hiyo ni ya nchi za barafu. Sie huku joto tunalo la kugawa.

TWALIB: Na haijachemsha tena, namshukuru Mungu. Asubuhi natoka hapa mpaka mjini, mshale wa joto umelala chini kabisa.

ELIAICHI: Haupandi?

TWALIB: Hata kidogo.

MWALIMU: Injini baridi ni injini yenye afya.

ELIAICHI: Sawa. Na kunywa mafuta ilianza lini?

Twalib akaanza kuhesabu kwa vidole. Vikaishia kwenye wiki ile ile tulipoitoa themostati. Injinia akaangalia viatu vyake. Mwalimu akanyanyua kikombe akanywa, nami nilijua kile kikombe kiko tupu. Dada wa watu akabaki anatutazama mmoja mmoja, kashata mkononi, hajui kosa lake ni lipi.

Twalib akamwomba kile chuma, akakitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Nailoni yangu ikaruka mpaka mtaroni.

Ijumaa asubuhi tukaisikia Corolla kabla hatujaiona, na haikuwa na kelele yoyote ya ajabu. Ilipanda mlima ikiwa na Twalib, Tunu, mapacha nyuma na gunia la mkaa kwenye buti. Ikaja kusimama mbele ya benchi.

TWALIB: Themostati mpya, elfu thelathini na tano. Kumbe injini ikikosa moto ndo inakunywa mafuta. Jana nimekwenda mjini na kurudi, na mafuta yamebaki. Mshale umesimama katikati. Yule wa Mbezi Beach tumemwambia asije. Nyie, mie sina la kusema. Ahsanteni.

INJINIA: Usijali. Ndo kazi ya kijiwe.

Tunu akashuka. Yeye hana maneno mengi.

TUNU: Mie nashukuru pia, nashukuru sana. Ila nauliza tu. Siku ile, nani alisema itolewe?

Wenzangu walikuwa hawakumbuki kweli, na walionesha hivyo nyusoni. Mie ndo nilikuwa nakumbuka. Upepo ulikuwa umenimwagia sinia zima vumbini asubuhi ile, na kile chuma nilikiona mkononi mwa fundi, kizito, kimetulia. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Ya nchi za barafu hiyo. Itoeni, nipeni mie."

Bakari, pacha mdogo, akaja kwa hatua zake za kuyumba na jiwe la duara kashika kwa mikono miwili.

TUNU: Babu Mwishehe, tumekunyang'anya uzito wako. Chukua hili.

Nikalipokea, nikaliweka juu ya nailoni. Likakaa vizuri.

MWALIMU: Mwishehe, kahawa imeisha.

Nikaongeza mkaa, nikabandika birika jipya. Siku hiyo sikumchaji mtu yeyote, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.