Cheti Kilichonifanya Mdogo wa Mdogo Wangu

Wamama na watata wa parokia, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nimeandika haya kwenye karatasi. Nikisema bila karatasi nitalia au nitatukana, na padri ameniomba nisifanye hata moja kati ya hayo. Sitataja jina la mtu. Atakayejitambua, ajitambue kimya kimya.

Mnanijua. Nimezaliwa hapa Kapata, katika nyumba ya kampuni kama zenu. Nilisoma jiolojia chuoni, kisha nikawa karani katika ofisi inayoandika malori ya madini yanayotoka mgodi wa Mashamba. Na mnajua kwamba ninawaza mno. Nikitumwa chumvi, nawaza kwanza kama duka limefungwa, kisha kama mwenye duka amenikasirikia.

Nilipokuwa na miaka thelathini na tatu, nkambo yangu, mama mzaa mama, alifariki Musumba. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, tukapata nafasi moja tu katika ndege ndogo iliyopeleka dawa. Rubani alinipima kwenye mizani pamoja na mfuko wangu kama gunia la unga, akaniweka kiti cha mbele kando yake. Tulipopaa, nikaona malori yale niliyoyaandika kila siku yakiwa madogo kama punje za mchele. Safari nzima sikuwaza kitu. Ndugu zangu, nawaambia, kwa mtu kama mimi huo ni muujiza. Nilirudi nikitaka jambo moja: kurusha ndege.

Nikawaambia watu. Hapo ndipo hasira yangu inapoanza.

"Rubani? Na hiyo myaka yako?"

"Benzako banaanza bakiwa batoto. We unatafuta ndege ao unatafuta bwana?"

Watu walicheka. Walicheka hapa, katika ukumbi huu, siku tuliyochambua maharage ya sikukuu ya parokia. Msiangalie chini. Mimi nilikuwa nimeshika ungo, nilisikia.

Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusoma masharti ya urubani. Na mimi msomi sikuyasoma vilevile. Niliogopa kuuliza, kwa kuwa nikiuliza wangeweza kunijibu hapana. Badala yake nikalala na "hapana" yenu mwaka mzima.

Kisha tata mudogo wangu, ndugu ya marehemu baba, akaja na dawa. "Unalia juu ya nini? Myaka inapunguzwaka. Bacheza mupira bote banafanya vile."

Ni kweli. Nani hapa hana ndugu mwenye tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya nyumbani na moja ya kutafutia kazi? Tumezoea hata hatuoni haya. Baada ya wiki mbili akaniletea cheti kipya chenye muhuri, na mimi nikawa na miaka ishirini na mitano.

Mdogo wangu alikuwa na ishirini na tisa. Alipokiona akajilaza kwenye kiti kama malkia, akajifanya dada mkubwa. "Petite! Kuya umusalimie yaya yako! Na ulete mayi ya kunawa." Tulicheka hadi machozi. Kicheko kile kinaniudhi mpaka leo.

Kituo kidogo cha urubani kilinipokea, na kwa miezi mitatu niliruka nikiwa na mwalimu kando yangu. Lakini ule muujiza ulikuwa umekwisha. Mtu akiniuliza nilimaliza sekondari lini, nilihesabu kwanza kwa vidole, maana kwa cheti kile nilikuwa nimemaliza nikiwa na miaka tisa. Nilishika usukani nikiwa na watu wawili kichwani, mmoja anarusha ndege, mwingine anakumbuka amezaliwa lini.

Mama huweka karatasi zote za nyumba katika mkebe wa biskuti. Siku moja baada ya misa akaomba kile cheti akihifadhi. Nikampa. Nilikuwa nimewaza juu ya muhuri, sahihi, hata rangi ya wino. Mama akatoa mkebeni cheti cha kifo cha baba, akaviweka viwili vile mezani, akasoma kwa kidole.

"Tata yako alikufa mwaka gani?"

Nikataka kukikunja cheti changu, akakiwekea kiganja.

"Alikufa we uko na myaka saba. We njo ulibeba musalaba mbele ya sanduku. Hapa banaandika ulizaliwa myaka mibili kisha ya kumuzika. Sasa uniambie: nilikuzala na nani?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Karatasi tu njo inasema mi malaya! Na muhuri ya serikali juu yake!" Akaugonga muhuri kwa kidole. "Na tata yako, ule alikubeba ku mabega, unamufuta. Kesho utapeleka ile ya kweli. Kama hauende, nitaenda mi mwenyewe, na nitavaa kitenge ya kilio."

Ndugu zangu, nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa mama yangu.

Nikaenda. Mwalimu, mzee mwenye mvi, alisoma vyeti vyote viwili polepole.

"Nani alikuambia myaka yako ni mibaya?"

"Bantu, tata."

"Bantu gani? Mi nilikuwa mekaniki. Nilianza kuruka na myaka makumi ine na moya. Hapa tunapima macho, masikio na moyo. Hakuna siku moya tulifukuza muntu juu ya myaka." Nikaanza kutabasamu. Akanikatiza. "Lakini muntu anadanganya juu ya myaka, kesho atadanganya juu ya mafuta. Toka."

Alinifungia mlango mwaka mmoja. Saa zote nilizoruka zikafutwa, kwa sababu zilikuwa za mtu asiyekuwepo. Mnaelewa? Nilidanganya ili nipite mlango ambao haukuwa umefungwa, na uongo wenyewe ndio ulioufunga.

Mwaka ule, kila Jumamosi, nilikwenda uwanjani kupima abiria na mizigo. Hakuna aliyenilazimisha. Wamama walificha mihogo ndani ya vitenge, nami nikaitoa yote, mmoja mmoja, wakinitukana. Mwaka ulipokwisha, mwalimu akasema, "Lete cheti ya kweli."

Mwezi uliopita, nikiwa na miaka thelathini na mitano, niliruka peke yangu. Nilizunguka uwanja mara moja, nikatua. Kama nitaifanya kazi, sijui. Mafunzo bado ni marefu, na msiniulize leo, maana nitawaza mpaka Pasaka.

Ninamshukuru mwalimu aliyenifukuza. Ninamshukuru mdogo wangu, ambaye sasa ananiita yaya tena, ingawa anajilipa kwa kunituma mayi. Tata mudogo simshukuru. Ninyi wa maharage nawasamehe, lakini polepole. Msimwambie mtu wakati wake umepita kabla hamjasoma sharti. Na wewe unayeambiwa hivyo, nenda ukaulize mlangoni penyewe, usiulize kwenye ungo.

Kila rubani ana kitabu cha kuandikia safari zake. Nilipopewa kipya, niliacha mstari mmoja wa ukurasa wa kwanza wazi, nikampelekea mama kalamu. Tarehe yangu ya kuzaliwa ameiandika yeye, kwa herufi kubwa, akaikandamiza hadi ikatoboa karatasi.