Mama Mikebe na Dakika ya Kumi na Tisa

"Nimetazama wanawake mia tatu na kumi na wawili wasioaminiwa, mwanzo mpaka mwisho, na wengine mara mbili. Mimi hamniwezi. Siku nikisema kuna kitu, mtaniamini kabla ya tangazo la kwanza!"

Hayo aliyasema marehemu, kaikamata maikrofoni kwa mikono miwili, kwenye sherehe ya kuagwa kwake kazini tarehe 29 Juni 2007, mbele ya wafanyakazi wote wa kituo cha televisheni. Ukumbi ulipiga makofi. Familia yake, iliyowahi meza ya karibu na soda, ilipiga makofi kuliko wote. Makofi ni bure.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mikebe, alizaliwa tarehe 11 Februari 1952, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa fundi saa na mama yake mshonaji. Walikaa chumba kimoja na nusu nyuma ya kiwanda cha sabuni, na hiyo nusu yenyewe ilikuwa meza ya baba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Akiwa darasa la tatu alimwambia mwalimu mkuu kwamba saa ya ofisini inakwenda mbele dakika saba. Alichapwa viboko vitatu kwa ujuaji. Wiki iliyofuata baba yake aliitwa kuitazama ile saa, akakuta dakika saba kamili. Saa ilirudishwa nyuma. Viboko vilibaki palepale. Alimaliza sekondari mwaka 1969 na cheti kizuri, na tangu hapo hakutaja dakika bila kuiandika kwanza.

Tarehe 3 Septemba 1973 aliajiriwa na kituo cha televisheni kama mkaguzi wa filamu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne. Filamu zilikuja ndani ya mikebe ya bati, na ndiko lilikotoka jina lake. Kwa miaka kadhaa, kila Jumatano baada ya taarifa ya habari, kituo kilirusha filamu ya mashaka ya saa moja na robo, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, zenye nyumba kubwa, ngazi ndefu na mwanamke mmoja anayesema kitu cha kweli. Yeye alizitazama kwanza, peke yake, kwenye chumba kisicho na dirisha, akiwa na penseli nyeupe ya nta na daftari. Kazi yake ilikuwa kuweka alama mahali pa kukatia matangazo, na alama ilikaa karibu palepale kila wiki. Dakika ya tisa mwanamke anaona kitu. Dakika ya kumi na nane anamwambia mume wake. Dakika ya kumi na tisa mume anamshika bega na kusema, "Umechoka, mpenzi." Hapo linaingia tangazo la sabuni.

Mtangazaji mmoja alimuuliza, "Dada, huchoki? Si zote ni ileile?"

"Hadithi ni ileile," alimjibu. "Mwanamke ndiye mpya."

Muuaji wa filamu hizo hakumkera sana. Alisema muuaji angalau ana shughuli yake. Waliomtia kinyaa ni wale wengine, daktari mwenye sauti laini, jirani wa kutikisa kichwa, shangazi anayesema "jamani, apumzike tu", watu wazima wenye miguu miwili ambao wangeweza kwenda kutazama na hawakwenda.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na dereva wa gari la kituo, mtu wa maneno machache. Mwaka wa kwanza wa ndoa, wakiwa safarini kwenye mvua, alimwambia kwamba gurudumu la nyuma lina sauti. Dereva hakubishana. Alisimamisha gari, akashuka, akalala kwenye tope na suruali yake mpya. Nati tatu zilikuwa zimelegea. Akarudi garini akidondoka maji, akasema, "Zilikuwa tatu," akawasha gari. Marehemu alisimulia kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka alikimalizia hivihivi: "Alishuka akatazama." Mungu aliwajalia watoto wawili. Dereva alifariki mwaka 2016, na marehemu akahamia kwa mwanawe mkubwa, meneja wa ghala, akapewa chumba kidogo kilicho ukuta kwa ukuta na bafu. Hapo ndipo alipokosa mtu wa kushuka akatazama.

Kuhusu ugonjwa wake, rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliandika: "Aliugua kwa muda mfupi." Mdogo wa marehemu alikata maneno hayo kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Basi tuseme ilivyokuwa.

Kuanzia Januari mwaka huu, 2024, aliumwa kichwa, akasikia kichefuchefu, akawa anaanguka. Hospitali ilimpa vidonge vya presha. Yeye akafungua daftari. Jumapili tarehe 14 Aprili, mezani, chakula cha mchana kikiwa kimekwisha, alivaa miwani akawasomea: "Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mtungi wa maji ya moto wa bafuni unawashwa. Dakika ya nane, kichwa. Dakika ya kumi na tano, kichefuchefu. Maji yanazimwa, nafungua dirisha. Dakika ya hamsini, nafuu." Alikuwa na siku ishirini na sita za namna hiyo. Akafunga daftari. "Mtungi ule unatumia gesi, na una bomba la kutolea moshi nje, linapita juu ya dari ya chumba changu. Lina kasoro. Naomba mtu apande atazame."

"Ulipokwenda kwa mama mdogo wiki nzima hukuumwa hata siku moja," alisema mkwe wake. "Si ulicheza muziki kabisa?"

"Ndiyo nasema! Kwake hakuna bomba!"

Mwanawe alimshika bega. "Mama, umechoka."

"Dakika ya kumi na tisa hiyo," alisema marehemu.

Mjukuu wake wa kwanza, ambaye ndiye anayewasomea hapa, alidakia, "Haya, wekeni tangazo la sabuni!" Meza nzima ilicheka mpaka vikombe vikatikisika. Marehemu hakucheka. Alimtazama huyo mjukuu kwa muda mrefu, kama mtu aliyemwona mahali zamani, kwenye filamu mbovu.

Fundi aliletwa Mei, ili bibi anyamaze. Alifungua bomba la bafuni, akagusa maji, akasema, "Yanachemka vizuri." Marehemu alimwelekeza juu. Fundi akasema hana ngazi. Marehemu akasema ngazi iko kwa jirani. Fundi akamkonyeza mwenye nyumba, yule mtoto mkubwa wa marehemu. Mwenye nyumba akasema, "Mama, hizi filamu zitakuua."

Filamu hazikumfanya kitu. Jumamosi tarehe 8 Juni, familia ilikuwa inajiandaa kwenda harusini. Watu watano walioga mfululizo. Mvua ilikuwa inanyesha, na mkwe alipita akafunga dirisha la chumba kidogo ili godoro lisilowe. Saa nne asubuhi walipokwenda kumwamsha, alikuwa ameshatutoka. Daftari lilikuwa wazi kitandani: "Dakika ya kumi na tano. Mikono haina nguvu."

Jamaa walikaa sebuleni wakasema ni moyo, ni umri, ni kazi ya Mungu. Mdogo wake, mwenye miaka sitini na minane na goti bovu, alilisoma daftari kurasa zote akiwa amesimama. Kisha akatoka, akarudi na ngazi ya jirani, akapanda, akasukuma ubao wa dari. Bomba lilikuwa limechomoka kwenye kiungo, na ubao wote juu ya kitanda ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Njooni mwone," alisema. "Mmoja mmoja."

Walipanda mmoja mmoja. Daktari aliyepima mwili aliandika kwamba kilichomuua ni hewa ya sumu. Ngazi ina vipandio sita.

Marehemu ameacha mdogo wake, aliyepanda. Watoto wawili, mkwe mmoja na wajukuu wanne, ambao hawakupanda alipowaomba. Na madaftari arobaini na moja, ambayo hayana kosa hata la dakika moja. Ombi lake lilikuwa kuaminiwa. Ametimiziwa leo, mbele ya watu wengi, wakati halimfai kitu.

Apumzike, dirisha likiwa wazi.

Kibano cha kushikilia kiungo cha bomba la moshi, cha chuma, inchi nne, dukani ni shilingi mia nne na hamsini.