Mzee Kaloki Mulinge, Aliyewapa Pole Watu Wasiofiwa

Mzee Kaloki Mulinge alizaliwa tarehe 3 Juni 1941 huko Kilungu, Ukambani. Alisoma hukohuko hadi darasa la nane, akaacha kwa sababu ya karo au, kama alivyopenda kusema mwenyewe, kwa sababu ya hesabu. Mwaka 1959 aliteremka Mombasa, akaajiriwa kuosha sufuria katika hoteli moja, na haukupita muda akawa mpishi.

Mwaka 1966 mwajiri wake alimpeleka Ujerumani Magharibi kujifunza upishi katika nyumba ya wageni ya mji mdogo. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha zamani, lakini palikuwa na chama kipya cha watu ambao mioyoni mwao havijakwisha. Walitaka wageni waondoke na ukubwa wa zamani urudi. Walikutana hapo hotelini, meza moja tu, kando ya jiko. Marehemu alichungulia, akaona wazee wenye suti nyeusi, wimbo wa polepole, msemaji anayefuta machozi, na kopo la mchango likizungushwa. Kwa mtu aliyelelewa Kilungu, huo ulikuwa msiba. Akavua aproni, akaingia, akaanzia mlangoni kumpa kila mmoja mkono. Kopo lilipomfikia, akatia chake. Kisha akamwuliza mkubwa wao kwa Kijerumani chake cha jikoni, "Poleni sana. Aliyefariki ni nani?"

"Ujerumani!" akafoka yule mzee.

Marehemu alishangaa kwa dhati. "Mbona asubuhi nimepishana nayo sokoni, nzima kabisa?"

Nusu ya meza iliangua kicheko, nusu ikataka arudishwe kwao siku hiyohiyo. Mama mwenye hoteli akasema anayetaka kumfukuza mpishi aingie yeye jikoni. Hakuna aliyenyanyuka.

Lakini tusimpambe marehemu: kicheko hakikukiua chama. Mwezi uliofuata walijaza meza nne, kisha ukumbi mzima, na kabla ya mwaka kwisha wenzao walikuwa wameketi katika bunge la jimbo. Yeye aliyajua hayo kwa sufuria, maana kila mkutano alilazimika kuteleka kubwa zaidi. Hofu ya meza moja kuwa ukumbi alirudi nayo nyumbani mwaka 1968, na haikumtoka.

Mwaka 1969 alifunga ndoa na Mumbe, ambaye ameisikia hadithi hii mara nyingi kuliko mahubiri. Walihamia pwani ya kusini, marehemu akapika katika hoteli za Diani, na mwaka 1978 wakapata shamba Mwabungo, wakajenga.

Mapema mwaka 1997 vijana wachache walianza kukutana nyuma ya duka pale Kona ya Musa. Maneno yakaenea kwamba wabara kama sisi wafunge virago. Mumbe alianza kukunja nguo. Marehemu aliuliza jambo moja tu: "Ni meza ngapi?" Alipoambiwa moja, akapika pilau, akajitwika sufuria, akaenda. Akawapa wote mkono, akauliza, "Poleni, wanangu. Aliyefariki ni nani?"

Kiongozi wao, Garama, akajibu, "Mzee, Pwani yetu imekufa."

"Pwani si ndiye mamako, Bi Mwanatumu? Asubuhi nimempa shikamoo, akaitika marahaba, sauti nzima!"

Garama alijitahidi asicheke, akashindwa. Walikula. Marehemu alikaa akawasikiliza kuhusu mashamba waliyopokonywa, akakiri kwamba hapo walikuwa na haki ya kulia. Mwezi wa Agosti, mambo yalipochafuka na nyumba za watu zikachomwa, Garama aliketi barazani kwa marehemu hadi hatari ikapita. Tunasema wazi: tuko hai kwa sababu hiyo.

Marehemu aliugua kisukari kwa muda mrefu, na kwa muda huohuo alificha sukari katika kopo la chumvi. Aliaga dunia Jumapili, tarehe 14 Machi 1999, hospitalini Msambweni, baada ya kumlalamikia muuguzi kuhusu uji.

Siku ya pili ya matanga, ndugu yake Kiilu alifika kutoka Kilungu na gari la kuuchukua mwili, maana kwao ni kwao. Alimkuta Garama na wenzake wamekwisha kuanza kuchimba kaburi.

"Nyinyi vijana," akawauliza kwa ukali, "mmefiwa na nani?"

Garama akapanda kutoka shimoni, akajifuta udongo, akampa mkono. "Na mzee wetu. Pole na safari, baba. Na wewe umefiwa na nani?"

 Kiilu akavua koti, akaomba jembe.

Mzee Kaloki ameacha mjane, Mumbe, watoto, Dianah na Mukonyo, wajukuu wanne, ndugu yake Kiilu, na Garama, ambaye ameomba aandikwe hapa.

Pumzika salama katika udongo wa Mwabungo, mzee. Safari hii tumefiwa kweli.