Dawa Moja, Majina Mawili

Ndani ya Noah ya abiria ya kwenda Nyarero, Mzee Nyamhanga, jogoo mapajani, alimsimulia mama aliyeketi karibu naye. "Mke wangu alikuwa anaanguka ovyo. Nesi Bupe wa zahanati ya Nyarero akaniambia nipeleke dawa zote za nyumbani. Kumbe ile ya presha ya hospitali na ile niliyonunua dukani ni dawa moja, majina tu tofauti. Alikuwa anameza mara mbili!" Akamvuta jogoo karibu. "Ningemzika kwa mkono wangu."

"Mshukuru Mungu, baba."

"Mungu nilishamshukuru kanisani. Jogoo huyu ni wa Bupe."

"Atakataa. Manesi hawaruhusiwi zawadi."

"Akikataa, namfungulia jogoo uani kwake."

Gari likasimama. Mama akiwa bado anabisha, mzee alishuka na jogoo wake, akashika njia ya zahanati.