Mikono ya Mama Nalepo, Fundi wa Sakina

Baba Mchungaji, ndugu na majirani, mimi Lucky, mtoto wa kwanza, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya mama yetu, na nikikwama njiani mnivumilie.

Mama Nalepo Lemburis alizaliwa tarehe 9 Aprili 1963 hapa Ilkiding'a, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1977, akajifunza ushonaji, na mwaka 1984 akafungua kibanda cha cherehani mtaani Sakina, ambako sare za shule za wengi mlioketi hapa zilipita mikononi mwake. Alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Lemburis, tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Juni 2009 alishikwa na baridi yabisi, vidole vikavimba na kujikunja, akafunga kibanda, lakini kilichomliza hasa ni kwamba watoto walipoinamisha vichwa kumwamkia, ili awaguse utosini kwa kiganja kama ilivyo desturi yetu, kiganja hakikufunguka, akawa anawagusa kwa ngumi.

Tarehe 14 Februari 2011 daktari alimwanzishia vidonge vya antibayotiki, akimweleza wazi kwamba haviwasaidii wote, na kwamba avimeze miezi mingi bila kuruka. Mwezi wa tatu wa kumeza dawa uvimbe ulianza kushuka, lakini mama alikuwa amesikia kwamba dawa hiyo ni ya jamii moja na ile tunayowachoma ng'ombe, hivyo ndama wa jirani yetu Mzee Lerionka alipougua, akamlisha vidonge vyake vyote vya mwezi, kimyakimya. Ndama alipona, mama ugonjwa ukamrudia kwa kukosa dawa, akalala kitandani wiki tano, baba akafoka, daktari akamgombeza, naye akajibu tu kwamba ndama hajui kwenda hospitali.

Tangu hapo Mzee Lerionka alipita kila asubuhi na kikombe cha maji, maana daktari alimkataza mama kumezea dawa hiyo maziwa, na hakuondoka mpaka amemwona amemeza. Krismasi ya 2011, baada ya ibada, kiganja kilifunguka, watoto wakapanga foleni waguswe vichwa, na mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, nilikuwemo.

Mama alipatwa na kiharusi, akafariki hospitalini tarehe 3 Machi 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake wa Sakina walioshona sare tulizovaa leo, na Mzee Lerionka, ambaye maziwa ya chai ya msiba huu yametoka kwa uzao wa ndama yule.

Jioni ya mwisho niliinama kitandani kwake, akanigusa kichwa, na kiganja kilikuwa wazi. Asante, mama, sasa pumzika kwa amani.